Mtoto wa Nani?

Kwa desturi zetu, mtu mzima akikutana njiani na mtoto asiyemjua, humwuliza kwanza: "Wewe mtoto wa nani?" Swali hilo lina hekima ndani yake. Mtoto akisha kujibu kwamba ni wa fulani, wa nyumba ile iliyo karibu na kisima, mara mzee hujua la kufanya. Amepotea? Humrudisha kwao. Ana njaa? Huitiwa chakula. Amekosa adabu? Hukanywa palepale, na wazazi wake hushukuru. Mtoto aliye na watu wake hawi mgeni popote.

Lakini miji yetu imekua upesi kuliko desturi zetu. Katika vitongoji vyake vya shida, penye vyumba vya kupanga vilivyosongamana na vichochoro visivyopitika wakati wa masika, yuko mtoto ambaye swali hilo halimsaidii kitu. Twamwona kituo cha mabasi, twamwona sokoni akiokota mabaki ya matunda, twamwona usiku amejikunyata barazani pa duka lililofungwa. Watu humwita chokoraa. Akiulizwa ni mtoto wa nani, hunyamaza, au husema uongo, maana amejifunza kwamba waulizao si wote wenye nia njema.

Yafaa tuseme wazi kwamba wengi wa watoto hao si yatima. Mmoja ana mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza vitumbua na kurudi usiku, hata mwanawe hana wa kumwuliza ameshindaje. Mwingine amekimbia fimbo ya mlevi. Mwingine nyumba yao ni chumba kimoja cha watu wanane, na mtaani ndiko penye nafasi ya kunyoosha miguu. Wazazi wa namna hiyo twapaswa kuwahurumia kabla ya kuwahukumu. Hata hivyo mtoto amebaki peke yake, na wahenga walikwisha kutuonya: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo twaisema kwa kumtisha mtoto. Mara chache twajiuliza ulimwengu huo ni nani. Kwa mtoto wa kituo cha mabasi, ulimwengu ni utingo, ni askari wa zamu, ni mama lishe, ni abiria aliye dirishani. Ulimwengu ni sisi.

Basi ulimwengu huo humfunza nini? Mara nyingi humfunza mambo mawili. Wako wamfukuzao, na wako wampao sarafu. Wa kwanza twawalaumu, wa pili twawasifu. Lakini tukitazama kwa makini tutaona kwamba mara nyingine wote wawili wanataka jambo moja, yaani mtoto aondoke. Sarafu ile yaweza kuwa sadaka ya kweli itokayo moyoni. Yaweza pia kuwa bei ya kununua utulivu wetu. Mtoto hujua tofauti yake mara moja, kwa kuwa mtoaji wa namna ya pili humpa bila kumtazama usoni.

Ndiyo maana twapenda leo kuwauliza wasomaji wetu swali ambalo huenda likaonekana jepesi. Kwa mtoto aliyeachwa, je, urafiki ni fadhila ya ziada, itolewayo na watu wema wenye nafasi, au ni deni?

Kanisa limewahi kulijibu swali hili kwa matendo. Mwaka 1841, Padre kijana aitwaye Yohane Bosco aliingia mji wa Torino, kaskazini mwa Italia. Alikuwa amepewa upadre tarehe 5 Juni mwaka uleule. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima, na baba yake alikufa kabla hajatimiza miaka miwili. Torino ya siku zile ilifanana kwa mengi na miji yetu ya leo. Vijana walishuka kutoka milimani na mashambani kutafuta vibarua, wakabeba matofali na chokaa kwenye majengo, wakasafisha mabomba ya moshi, wakalala popote. Padre Yosefu Cafasso, mlezi wake, alimpeleka magerezani. Humo aliona vijana wadogo wenye afya na akili wakioza kwa uvivu na wadudu. Kilichomshtua zaidi ni kwamba waliofunguliwa walirudi upesi, hali wametoka na nia ya kutengeneza maisha yao. Akatafuta sababu, akaiona: walipotoka hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Akawaza kwamba kama wangekuwa na rafiki huko nje, wa kuwaangalia na kukaa nao siku za sikukuu, pengine wasingerudi gerezani.

Tuliangalie vema wazo hilo. Padre Bosco alijua kwamba vijana wale walikosa mkate, kazi na shule, na baadaye alihangaikia vyote vitatu. Lakini alipotafuta mzizi wa maangamizi yao, alikuta kwamba wamekosa mtu.

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, alikuwa akijiandaa kuadhimisha Misa Takatifu katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kijana mmoja, Bartolomeo Garelli, yatima wa miaka 16, alikuwa amesimama sakristiani. Mtumishi wa sakristia alimtaka atumikie Misa, na aliposikia kwamba hajui, alimpiga na kumfukuza. Padre Bosco alimkemea mtumishi yule, akaagiza kijana aitwe arudi, kwa sababu ni rafiki yake. Rafiki yake! Hajapata kumwona kabla ya saa ile. Hakumwita rafiki kwa kuwa wamejuana, wala kwa kuwa kijana ana tabia nzuri, wala kwa kuwa atamfaa kitu. Amwite hivyo kwa haki gani?

Hapa ndipo penye fumbo la swali letu. Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba urafiki hauji kwa siku moja, kwani watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Sisi nasi twasema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Urafiki basi huhitaji muda na majaribu. Utawezaje kumwita rafiki mtoto uliyemkuta sasa hivi?

Jibu twalipata kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika kitabu chake kikuu cha teolojia alifundisha kwamba mapendo ya Kikristu ni urafiki wa mtu na Mungu. Kisha akajiuliza jinsi urafiki huo uwezavyo kuwafikia hata watu wasiotupenda. Akajibu kwa mfano ambao kila mzazi wa Kiafrika anaufahamu: ukimpenda mtu kweli, utawapenda na watoto wake, hata wakikuudhi, kwa ajili ya yule rafiki. Mtoto wa rafiki yako akija kwako usiku, humwulizi kwanza amestahili nini. Unamfungulia.

Hivyo lile swali la wazee wetu limepata jibu lake. Mtoto wa nani? Ni mtoto wa Rafiki yetu. Sisi tusemao kila siku "Baba yetu" tumekiri kwa kinywa chetu kwamba mtoto yule wa barazani ana Baba, na kwamba Baba huyo twamfahamu. Hatuwezi tena kusema hana wenyewe. Bwana wetu Yesu Kristu alituonya kwamba ampokeaye mtoto mdogo kwa jina lake ampokea yeye. Kwa hiyo, kwa Mkristu, urafiki na mtoto aliyeachwa ni deni. Huanza kama deni, na ukipewa muda na chumvi huwa urafiki kamili.

Twajua kwamba wako watakaotupinga, na hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza watasema: mkono mtupu haulambwi. Mtoto mwenye njaa hali urafiki. Mpeni chakula na shule, maneno matamu baadaye. Twakubali kwamba urafiki usiojali tumbo la rafiki ni unafiki. Lakini mambo ya Torino yaonyesha kwamba urafiki wa kweli ndio uliozaa haki. Kwa kuwa Padre Bosco aliwajua vijana wake kwa majina, aliwatembelea kazini katikati ya juma, akaona jinsi baadhi ya matajiri walivyowatumikisha. Akaanza kuandikiana nao mikataba. Upo mkataba wa tarehe 8 Februari 1852 kati ya seremala mmoja na kijana mwanafunzi wake. Ndani yake seremala ajifunga kumfundisha kijana ufundi, kutomtia katika kazi zisizohusu ufundi huo, kumlipa ujira, kumwachia siku za sikukuu, na kumrekebisha kwa maneno pasipo kumpiga. Mwaka 1853 zikafuata karakana zake mwenyewe za mafundi viatu na mafundi cherehani. Mtoa sadaka angaliweza kuwapa vijana wale mkate miaka mingi asijue wanavyonyonywa. Rafiki alijua, kwa sababu alikwenda kuwatazama.

Jambo la namna hiyo limeonekana pia kwa jirani zetu wa Kenya. Mnamo miaka ya 1970 mitaa ya Nairobi ilikuwa na wavulana wengi kutoka Bonde la Mathare na vitongoji vingine, walioelekeza magari mahali pa kusimama ili wapate senti. Watu waliwaona kuwa kero, na mara kwa mara walikamatwa. Padre Arnold Grol, Mholanzi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, akajenga urafiki nao, na mwaka 1973 akaanzisha chama kwa ajili yao. Hakukipa jina la msaada wala la wokovu. Alichagua neno la Kiswahili, Undugu. Chama hicho baadaye kilianzisha masomo kwa watoto ambao shule za kawaida zilikuwa zimewapita, na mafunzo ya kazi za mikono. Jina lilitangulia, na kazi zikalifuata jina.

Wa pili watasema kwamba urafiki wa mmisionari ni chambo. Mtoto hupewa mpira achezee, kisha hupewa katekisimu. Je, huo si uvuvi? Hoja hii yatugusa sana, maana katika miji yetu watoto hao ni wa dini zote, na jirani zetu Waislamu wana haki ya kujua nia yetu. Kanisa limekwisha kusema wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 7 Desemba 1965 juu ya uhuru wa dini, ulifundisha kwamba katika kueneza imani lazima kuepuka kila namna ya shuruti au ushawishi usio wa haki, hasa kwa watu maskini na wasio na elimu. Naye Papa Benedikto wa 16, katika barua yake ya mwaka 2005 juu ya Mungu aliye Upendo, alikumbusha kwamba mapendo hutolewa bure, wala hayatumiki kama njia ya kujipatia jambo jingine.

Mtu mwaminifu haifichi imani yake kwa rafiki yake. Mtoto akiuliza kwa nini tunakuja, tutamwambia kwa ajili ya nani. Lakini kipimo ni hiki: kama mtoto asipobatizwa kamwe, kama siku zote ataswali msikitini, je, tutaendelea kumfungulia mlango? Tukijibu ndiyo, tu marafiki. Tukijibu la, tu wavuvi tu, na mtoto huyo amefanya vema kutuogopa.

Wa tatu watasema neno zito zaidi, na wana haki ya kulisema: mtoto asiye na mtu wa kumtetea ndiye awindwaye kwa urahisi, na wako waliomdhuru huku wakijiita marafiki. Katika nchi mbalimbali wamekuwako hata mapadre na watawa waliowatenda watoto maovu, na wakubwa waliofunika maovu hayo. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria kwa Kanisa zima, iitwayo Vos estis lux mundi, iwalazimuyo mapadre na watawa kutoa taarifa wanapojua au kushuku tendo la namna hiyo. Asiseme mtu kwamba jambo hili la aibu lisitajwe mbele ya familia. Kutolitaja ndiko kulikowapa waovu nafasi.

Urafiki wa kweli na mtoto haufanywi gizani. Hufanyika uwanjani, barazani, darasani lenye madirisha wazi, wakiwapo watu wengine wazima, na mzazi au mlezi akiarifiwa. Rafiki mwema hachukizwi na macho ya majirani, wala hamwambii mtoto "hili tusimwambie mtu." Amwambiaye mtoto hivyo, awe amevaa kanzu ya namna gani, apelekwe penye sheria.

Lakini hatari hiyo isiwe udhuru wa kukaa mbali. Mtoto asiye na rafiki mwema hayuko salama. Yuko mikononi mwa yule mbaya atakayetangulia kumwita kwa upole.

Lipo bado jambo moja ambalo wapingaji hawalisemi sana, nasi twaliona kuwa gumu kuliko yote, nalo ni kudumu. Watu wema wengi huenda vitongojini mara moja, Krismasi au Kwaresima, na zawadi na kamera, kisha hawaonekani tena. Kwa mtoto aliyekwisha kuachwa na baba, huko ni kuachwa mara ya pili, tena na watu waliomchekea. Heri kumtembelea mtoto mmoja mwaka mzima kuliko watoto mia siku moja.

Kudumu kuna gharama. Wakati fulani Padre Bosco aliwalaza vijana kadhaa wasio na makao katika ghala ya majani, akawapa shuka na blanketi. Asubuhi alipokwenda kuwaamsha, walikuwa wametoroka nazo. Wengi wetu tungalisema: nimejaribu, watu hawa hawafai. Yeye, pamoja na mama yake mzazi Margherita aliyekuwa amehamia kwake Novemba 1846, walimpokea mwingine jioni ya mvua mwaka 1847, wakamtandikia jikoni. Nyumba zote za malezi zilizofuata zilianzia kwa mtoto huyo aliyelala jikoni. Tangu mwaka 1980 Wasalesiani, wanashirika wake, wako nchini mwetu pia, na vijana wa Iringa na Dodoma wamejifunza ufundi kwao.

Wala tusidhani kwamba katika urafiki huo ni mkubwa tu atoaye. Julai 1846 Padre Bosco aliugua karibu na kufa. Vijana wale waliobeba matofali juani kutwa walifunga na kusali ili apone. Walikuwa hawana mali, lakini walikuwa na njaa yao ya hiari, wakaitoa. Hapo yaonekana kwamba hawakuwa tena watu wa kusaidiwa tu. Ampaye mtoto sarafu humwacha chini yake. Aombaye na mtoto aombewe naye, amekaa naye jamvi moja.

Mwishoni mwa maisha yake, katika barua aliyoandika kutoka Roma tarehe 10 Mei 1884, mzee huyo aliwakumbusha walezi kwamba haitoshi vijana wapendwe, lazima wajue kwamba wanapendwa. Ndiyo kusema upendo uliofungiwa moyoni, au uliofungiwa katika bahasha ya michango, haujamfikia mtoto mpaka umepata uso na sauti.

Tufanye nini basi? Hatuwaombi wasomaji wetu wajenge vituo. Vituo vinahitajika kwa wasio na pa kulala, lakini nyumba ya malezi haitoshi badala ya nyumbani, na kazi ya kwanza ya rafiki ni kujua kama kwao mtoto hapawezi kuponyeka. Mara nyingine rafiki wa mtoto hana budi awe kwanza rafiki wa mama yake, yule auzaye vitumbua. Jumuiya ndogo ndogo ikae, iwahesabu watoto wa mtaa wake wasio shuleni, iwajue kwa majina, na igawane kazi: huyu amsindikize kwa mwalimu mkuu, huyu azungumze na mjumbe wa mtaa au afisa wa ustawi wa jamii, huyu amfundishe kusoma barazani pake Jumamosi, mlango ukiwa wazi. Watoto wetu wa Utoto Mtakatifu, chama kilichoanza Ufaransa mwaka 1843 ili watoto wasaidie watoto, wacheze nao mpira baada ya Misa, bila kuwauliza kwanza viatu viko wapi.

Na wewe msomaji usiye na nafasi hata ya hayo, unaweza kuanza kesho asubuhi. Yuko mtoto unayepishana naye kila siku uendapo kazini. Mtazame usoni, mwamkie, umwulize jina lake. Kesho kutwa umwite kwa jina hilo. Utakuwa umemlipa sehemu ndogo ya deni, nalo deni lililobaki atakuonyesha mwenyewe.